Zulia la Pembe Iliyogeuka

Kaka yangu mpendwa Allahberdi,

Amani iwe juu yako na juu ya wenzako wote wa bandarini. Natumai kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuachia upate usingizi. Huku Gonbad, mama anakula vizuri na hamalizi sala bila kukutaja. Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia. Tafadhali soma barua hii ukiwa peke yako.

Unajua mimi na Begench tumehamia nyumba mpya. Sebule ilikuwa tupu, na mama akatukataza kabisa kununua zulia la kiwandani. “Mturkmeni, mtoto wa wafumaji, akalie plastiki?” alisema. Basi Alhamisi tukaenda sokoni Aq Qala kutafuta zulia lililofumwa kwa mkono.

Muuzaji alitukunjulia mazulia mengi, mekundu yote, nami nikawa nayakataa tu. Ndipo akakunjua moja dogo. Kaka, nililivuta karibu. Kwenye ukingo palikuwa na lile pambo la pembe za kondoo dume la ukoo wetu, na katika kila jozi pembe moja imejikunja ndani, nyingine imegeukia nje. Unakumbuka mama alivyomcheka dada Jeren kwa kosa hilo, naye Jeren kwa ukaidi wake akaendelea kufuma hivyo hivyo? Hakuna mkono mwingine duniani unaofuma pembe ile. Nikalowesha ncha ya mtandio nikasugua, rangi ikatoka, kama itokavyo kwenye sufi ambayo haijaoshwa bado. Zulia lilikuwa jipya, na Jeren tulimlilia miaka mitatu iliyopita, yeye na binti yake Aylar, tulipoletewa habari kwamba homa imewachukua wote wawili na wamekwisha kuzikwa.

Nilimuuliza muuzaji limetoka wapi. Akataja kijiji cha mume wa Jeren, kisha akanikazia macho na kuniuliza mbona nimebadilika rangi. Nikamdanganya kwamba ni jua. Tukalinunua, tukaondoka haraka.

Begench alisema, “Mke wangu, wale wakwe wa Jeren wana bunduki. Tukienda, twende kama wanunuzi.” Tukaenda. Nilijifunika uso mpaka machoni, nikaomba Mungu mama mkwe wa Jeren asinitambue. Bi kizee yule haoni vizuri siku hizi. Wanaume walikuwa malishoni. Begench akamwambia anataka zulia la pili la kufanana na lile, nao wakaanza kuvutana juu ya bei. Mimi nilisikia chanuo la kufumia likigonga nyuzi katika chumba cha nyuma. Nikaomba kwenda msalani.

Ndani ya chumba kile nilitarajia kumkuta dada yetu. Mgongo niliouona ulikuwa wa mtoto. Nilimwuliza kwa sauti ya chini mbona kondoo wake ana pembe iliyogeuka. Bila kuinua macho akajibu, “Ndivyo mama alivyonifundisha kabla hajafa. Alisema bibi yangu wa Gonbad alimcheka sana.”

Kaka, Jeren amekufa kweli. Lakini Aylar yuko hai. Walimficha kwa sababu vidole vyake vina faida, na walijua tukisikia tutamdai.

Sasa nikuambie nililolifanya. Nilimwambia mimi ni mdogo wake mama yake. Akanitazama kwa macho yale yale ya Jeren, akaweka kisu cha kukatia nyuzi chini, akanishika mkono. Tulipitia zizi la kondoo. Nilimlaza kwenye gari, nikamfunika kwa shali yangu, nikamwita Begench nikisema naumwa tumbo. Njia nzima nilikuwa nikitazama nyuma.

Yuko hapa kwangu. Mama bado sijamwambia, naogopa moyo wake. Jana pikipiki ya Sapar, baba wa mtoto, ilipita kichochoroni kwetu polepole, ikageuka, ikapita tena. Nikisikia mlango ukigongwa, namwingiza Aylar chumba cha ndani kwanza. Najua baba ana haki yake, lakini waliomzika mtoto kwa maneno watatuambia nini mbele ya wazee? Njoo, kaka. Ukifika, twende kwa wazee pamoja, mchana, watu wote wakiona.

Asubuhi hii aliniuliza kazi yake ya leo ni ipi. Nikamwambia hana kazi. Akakaa ukutani, mikono mapajani, akiningoja nibadilishe neno.

Begench anakusalimu, na mama anakubusu paji la uso. Aylar naye amenituma nimsalimie mjomba wake, ingawa hakujua kama anaruhusiwa.

Mdogo wako anayekungoja,
Ogulsona