Simu Inasema Mimi Ni Mutoto wa Miaka Tisa

Jumapili, tarehe 4, mwezi wa kumi

Vitumbua vimeisha saa mbili asubuhi, kama kila siku. Nilikuwa naosha karai, mikono mafuta matupu, pikipiki ya kutoka Kindu ikasimama mulangoni. Kifurushi. Kimetoka kwa Zaina, binti yangu, muuguzi. Ndani iko simu mupya. Siyo kama ile yangu. Ni aina ingine kabisa, ile ya wakubwa, kamera tatu mugongoni. Kasongo hii wanawake wangapi wako nayo? Nimehesabu. Nimefika mumoja, ni mimi.

Zaina iko na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Kwetu mimba ya kwanza binti anarudi kuzalia kwa mama yake. Yeye amekataa. Njia mbaya, kazi nyingi, hospitali iko karibu. Basi niende mimi? Hapana, mama mukwe wake ameshafika pale, nyumba ni ndogo. Ndiyo maana ametuma simu. Uchungu ukianza ataniita kwa video. Nitamuona, ataniona, nitamusomea dua mpaka wamuingize ndani. Ameahidi. Nimekubali. Sijafurahi.

Simu ya zamani nimemupa Mwamini, muke mwenzangu. Tunakaa uwanja mumoja, mulango wake unaangalia wangu. Nimetoa laini yangu, nikamupa mbele ya wateja wote, kwa sauti: "Chukua, mimi nimepanda." Amesema asante. Asante ndogo sana.

Jumanne, tarehe 6

Simu hii inauliza maswali kuliko ofisi ya serikali. Lugha gani. Inchi gani. Geuza sura kushoto, geuza kulia. Hakuna kifungo cha kurudi nyuma. Unasukuma kidole kutoka chini kwenda juu, kama mutu anapanguza meza. Nimepanguza mpaka kidole kimeuma. Majina ya simu ya zamani yamekataa kuhamia, hizi simu mbili hazisemeshani. Nimeyaandika moja moja. Peke yangu. Sikuita mutu.

Halafu ikauliza nimezaliwa lini. Siku, mwezi, mwaka. Kadi yangu ya uchaguzi iko na mwaka tu, tena wa kukadiria. Mama alinizaa shambani Wamaza, wakati wa kuvuna mupunga. Nani alikuwa na kalamu? Simu ilikataa nafasi wazi. Nikaweka tarehe moja ninayoijua kwa moyo: siku diplome ya Zaina ilitoka. Jina lake lilisomwa redioni, soko zima wakanimwagia poda kichwani kwa furaha. Mimi pia, siyo yeye tu. Siku ile nilizaliwa kweli.

Nimebonyeza.

Simu imesema mimi ni mutoto wa miaka tisa. Imesema niite muzazi wangu.

Mama yangu iko kaburini mwaka wa kumi na mbili. Takataka ya simu.

Jumatano, tarehe 7

Kupiga simu ya kawaida kunawezekana, nimemupigia Zaina. Amecheka mpaka nikaogopea mimba. Kisha amefanya mambo yake kule Kindu, na sasa yeye ndiye muzazi wa simu yangu. Tarehe haibadilishwi hivi hivi, amesema, atatafuta namna akipata nafasi. "Mama, ukitaka WhatsApp, bonyeza pale pameandikwa omba ruhusa. Inafika kwangu, ninakubali. Basi."

Omba ruhusa. Mimi. Kwa Zaina.

Huyu nilimubeba mugongoni kutoka Kabambare mpaka Kasongo, siku ine kwa miguu, surua imemufunga macho. Nilimusomesha kwa vitumbua. Aliniomba ruhusa hata ya kwenda mutoni. Leo nimuombe yeye!

Sibonyezi. Atafute namna.

Ijumaa, tarehe 9

Nimetoka sokoni mbio.

Mama anayeuza sombe, yale majani ya muhogo, amenipongeza. Eti tumbo la Zaina limeshuka, ni siku chache tu, na nguo ya kijani imemupendeza. Nguo gani? Ameona wapi? Kwa Mwamini. Mwamini amezungusha picha soko zima.

Nimeelewa njiani. Nilitoa laini, WhatsApp sikuitoa. Iko mule ndani bado, na jina langu na sura yangu. Mwamini ameweka laini yake na mega zake za intaneti, kila kitu Zaina anachonitumia kinaingia kwake. Wiki nzima.

Nimemukuta anatwanga sombe. Nimesema yote, na mengine ya zamani nimeongeza. Hakuacha kutwanga.

"Dada mukubwa, wewe ulisema umepanda. Sisi tuliobaki chini tunaona vizuri."

Watoto wake wakacheka. Kisha akapanguza simu kwenye kitenge, akaninyooshea. "Chukua basi. Ni yako." Nichukue namna gani? Kitu nilichotoa mbele ya wateja wote, nikipokee mbele ya kinu? Nimesema sina haja nayo, ni simu ya kizamani.

Nimeingia ndani, nimelia. Siyo huzuni. Hasira.

Jumapili, tarehe 11

Zaina amepiga asubuhi. "Mama, bonyeza basi, siku zimeisha." Nimesema rezo ni mbaya, mutandao unakatika.

Rezo ilikuwa nzuri.

Baadaye kidole kimefika juu ya kile kifungo. Nimekiondoa.

Jumatatu, tarehe 12

Niandike yote kabla sijalala.

Saa tisa muchana mukwe wangu, bwana wa Zaina, amepiga. Chupa ya uzazi imepasuka, wako hospitali, materinite. "Anakuita, mama. Anataka kuona sura yako. Sauti peke yake hataki."

Nimebonyeza. Sikufikiri. Ombi limetumwa, ngojea muzazi. Nimebonyeza tena. Ngojea muzazi. Mara kumi. Nimemupigia mukwe: wewe kubali basi! Hajui kode ya siri, iko kichwani mwa Zaina, na Zaina analia kwa uchungu. Muzazi wangu alikuwa anazaa.

Nimeitupa ile simu kitandani. Nimemutukana mwenye kuitengeneza. Nimemutukana mama mukwe wa watu kwa kujaza ile nyumba ndogo. Kisha nimekaa chini, maana matusi yaliyobaki yalikuwa yangu. Siku tano nilikuwa na kifungo chini ya kidole.

Mwamini ameingia bila kubisha, unga mpaka viwikoni, simu mbele. "Shika, shika! Mutoto anakuita!" Mukwe alijaribu video kwa jina langu, ikalia kwenye simu ya zamani.

Zaina. Jasho, midomo mikavu. "Mama." Nimefungua kinywa nisome dua na dua imepotea yote. Mimi! Ninayesomea watu! Mwamini ameanza yeye, polepole, nikamufuata neno kwa neno mpaka ikarudi. Ameshikilia simu pamoja nami. Zaina alituangalia wote wawili, akatulia kidogo. Kisha wamemuingiza ndani.

Simu ilibaki inaonyesha ukuta wa hospitali. Tumekaa kitandani kwangu, tunaangalia ukuta. Mwamini alinunua mega mara mbili.

Kilio. Kidogo, cha hasira, kama changu. Mama mukwe ameingia kwenye kioo, naye machozi tupu. Musichana. Zaina iko muzima.

Mwamini amepiga vigelegele kabla yangu. Hata pale nimekasirika: bibi wa mutoto ni mimi! Nimepiga vyangu juu ya vyake. Jirani wamekuja.

Jumamosi, tarehe 17

Mvua tangu asubuhi. Vitumbua vimebaki kumi, tumekula.

Zaina ametoka hospitali. Juzi, mutoto mukononi, amekubali ombi langu. Amesema lilifika mara kumi.

Leo ameniita kwa video. Mutoto analala, ngumi imefungwa. Masikio ni yangu, hakuna ubishi. Anataka niende kabla ya siku arobaini. Mama mukwe amekubali kuniachia nafasi. Kisha ameuliza kama nitakuja na mama mudogo, yaani Mwamini. Chumba ya wageni iko na kitanda kimoja tu. "Mutaweza?"

Miaka kumi na nane sijalala chumba kimoja na Mwamini.

Nimemuita avuke uwanja. Amekuja na kitenge juu ya kichwa. Nimemuuliza.

Amesema yeye analala upande wa ukuta.

Nimesema sawa.