Subana ya Marzia

Kipling Avenue, Rexdale,
Toronto.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Shangazi Jepkosgei mpendwa,

Nimemsikia mtu aliyekufa, na si mara moja. Sijamwambia Mama wala Shaun wala yeyote shuleni. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa yote, na nimechagua karatasi kwa sababu simu yangu Mama huishika apendavyo.

Lakini nisikurukie hivyo bila hata hodi. Hamjambo huko Kapsabet? Mguu umepona, au bado unaukanyagia upande? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Sisi tu wazima. Mama yuko na zamu zake hospitalini, Shaun amerefuka hadi suruali zote zimemkataa, nami ni yule yule wa kujificha jikoni wageni wakija. Kiswahili changu kikiyumba nivumilie. Tangu tutoke huko nikiwa darasa la sita, nakiandika kwako tu.

Sasa tuna mgeni. Anaitwa Shekiba, mama wa makamo, Mwafghanistan anayeishi uhamishoni Dushanbe, nchi jirani na kwao. Amekuja Toronto kwa ziara ya kikazi pamoja na wanawake wenzake wenye biashara ndogo ndogo. Mama na watu wengine wa kujitolea wanawaongoza: namna ya kupanga bei, kupiga picha bidhaa, kutafuta wanunuzi. Wageni waligawanywa majumbani, sisi tukampata Shekiba. Amepewa chumba cha Shaun, na Shaun analala kwenye kochi akinung'unika kwa Kiingereza.

Biashara ya Shekiba ni nguo za kutarizi. Washonaji wake saba walibaki kwao, katika mji ambao jina lake sitaliandika. Mchana wanashona pamoja kwenye nyumba moja iliyofunikwa madirisha, maana wakijulikana watachukuliwa. Jumamosi asubuhi, ambayo kwao ni jioni, tunashuka kwenye ukumbi wa jengo letu na kufungua kompyuta, nao wanaingia darasani kwa simu, kila mmoja akiwa kwake. Picha wamezima. Sauti hawatoi.

Badala ya sauti, Shangazi, wanagonga. Kila mmoja huvaa subana, kile kikofia cha chuma cha kidole cha mshonaji, na kugonga meza. Kila mmoja ana mwendo wake aliopewa na Shekiba siku alipoanza kazi, na Shekiba anawajua kwa mwendo huo kama wewe unavyotujua kwa kukohoa. Jirani akisikia atadhani ni kushona tu. Mlango ukilia upande wao, anayegonga hukatika papo hapo, hata katikati ya swali, na husikii tena hata pumzi.

Masikio ya Shekiba hayasikii vizuri. Kwa hiyo kazi yangu ni kuvaa vifaa vya masikioni na kumwambia kama wote wamefika. Nililipenda darasa hilo. Ndilo pekee ambamo watu wote ni kama mimi.

Anayefundisha ni Mzee Mehboob, mzaliwa wa Mombasa aliyestaafu biashara ya vitambaa. Anawaambia wale wanawake, "Ukishataja bei, nyamaza. Atakayesema kwanza baada ya bei ndiye atakayepunguza!" Kisha ananigeukia kwa Kiswahili chake cha pwani: "Huyu Melissa angetajirika. Ebo, sauti umeitia benki, mwanangu? Toa kidogo, hatutaimaliza."

"Mwache mtoto," Mama humwambia, naye anacheka.

Jumamosi ya kwanza waligonga saba. Halafu kimya. Halafu akagonga mwingine: mbili za haraka, kimya kirefu, moja ya taratibu, kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Nilidhani ni mwangwi wa mashine. Shekiba akaniuliza, "Wote?" Nikasema wote. Unajua nilivyo, neno fupi ndilo langu.

Jumamosi iliyopita mambo yakawa mengine. Mwenye ile nyumba ya kushonea anaitaka nyumba yake. Mzee Mehboob akauliza nani ana mahali pa kuhamishia vyerehani, agonge. Hakugonga hata mmoja. Nikawa tayari kuvua vile vifaa, ndipo nikasikia: mbili za haraka, kimya kirefu, moja ya taratibu.

Sikusema mbele ya watu. Nilimwambia Shekiba tulipopanda nyumbani, tukiwa wawili jikoni. Akaniomba nimwonyeshe. Nikachukua kijiko nikagonga meza.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akanishika mkono na kijiko ndani yake.

"Huyo ni Marzia."

Marzia alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Alifariki msimu wa baridi uliopita akijifungua, yeye na mtoto. Mumewe alihama, nyumba ikabaki tupu, na ina chumba cha nyuma kisichoonekana kutoka barabarani.

"Basi anayegonga ni nani?" nikauliza.

"Nimekwambia, binti yangu." Alikuwa analia na kucheka. "Hata alipokuwa hai, alikuwa wa mwisho kufika."

Akaniapisha nisiseme. Sheria ya wanaojitolea ni moja: akisikika mtu asiyejulikana, darasa linafungwa na simu zote zinabadilishwa. Wanawake wale wangepotea kwa miezi, na wanunuzi wa kwanza wamepatikana juzi tu. Nikakubali. Shekiba hupita chumbani kwangu kila asubuhi kunisuka nywele, Shangazi, wala haniulizi kwa nini siongei.

Lakini jioni ile nikamuuliza anawatumiaje washonaji mwaliko wa darasa. Akasema kwenye kikundi chao cha simu, kile kile cha zamani. Nambari ya Marzia bado imo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Salamu zake zote za kugonga zimo humo pia, za miaka miwili, kwa yeyote atakayezifungua.

Tangu hapo najiuliza swali ambalo sikuthubutu kumuuliza yeye. Mtu akifa, simu yake hubaki na nani?

Jana kabla ya shule nilifungua darasa peke yangu ili nijaribu sauti ya leo. Mtu alikuwa ameshaingia, ananisubiri. Jina halikuwepo, ni duara jeusi tu. Akagonga. Nami, sijui ni nini kilinituma, nikagonga mwendo ule ule kwa kucha. Akanijibu.

Kisha nikasikia mlango wa upande wake ukifunguliwa. Nikasikia viatu vizito vikija karibu, karibu kabisa, vikasimama.

Hakukatika. Aliendelea kugonga, taratibu, sawasawa, kama aliyekuwa akimngoja mwenye viatu. Nikafunga kompyuta. Shuleni sikusikia somo hata moja.

Labda wafu hawaogopi viatu. Nimejaribu kuamini hivyo usiku kucha, kwa sababu Shekiba anaamini, na kwa sababu tangu ile siku anaimba akioga. Lakini leo, darasa likifunguka, atawaambia wabebe vyerehani waende nyumba ya Marzia. Wataenda, kwa sababu ni yeye amesema. Naye atasema kwa sababu mimi nilisema wote, kisha nikamgongea kile kijiko.

Nimeamua, Shangazi. Darasa lisifunguliwe. Nitamwambia Shekiba kwanza, yeye mwenyewe, kisha tutashuka kwa Mama na Mzee Mehboob. Najua nitakuwa nimemzika Marzia mara ya pili, na huenda asinisuke tena. Usinipigie kuniuliza, nitakupigia mwenyewe, na safari hii nitaongea.

Nisalimie Bibi, na Cherono na wadogo zake, na yule Crispus mwambie deni la barua bado ni lake. Mungu awafunike nyumba nzima, na milango yenu ifunguliwe na watu mnaowajua.

Viatu vya Shekiba hivyo kwenye korido, na kitana kinagongana na kopo la mafuta. Nitaiweka karatasi hii chini ya godoro, maana si vizuri aisome kabla hajaisikia kinywani mwangu. Amesimama mlangoni. Naanza kabla hajakaa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Melissa