Dakika Moja Kabla ya Safari

Jumamosi. Machi inaishia, na theluji ya mtaa wetu huku Weston imebaki vibonge vyeusi pembeni mwa maegesho. Nimechoka kulia, kwa hiyo naandika.

Anna ameondoka leo. Amepata kazi ya uuguzi mji wa mbali, Halifax, na baba yake alikuwa na wiki tatu hajazungumza naye. Salamu aliitikia, chakula tulikula meza moja, lakini neno la safari hakuna. Aliona binti anamkimbia. Mimi nilichoogopa ni kimoja tu: mtoto asitoke nyumbani bila radhi ya baba yake.

Mume wangu ni mchungaji mstaafu, na akishika lake ameshika.

Asubuhi alivaa koti, akabeba sanduku kubwa hadi mlangoni, akasimama na funguo mkononi akitazama saa. Treni ya uwanja wa ndege haingoji mtu. Ndipo Anna akaketi juu ya sanduku lake dogo, katikati ya korido.

"Tukae kwanza," akasema. "Just one minute, Baba. Like Bibi Zoya."



Kwa msiojua, tuliishi Urusi miaka sita, katika mji mdogo kando ya Volga, tukiwa wamisionari kutoka Dodoma. Ndiyo, Watanzania. Watu wa kule nao walishangaa hivyo hivyo. Bibi Zoya alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili. Mwaka wa kwanza niliamini anatuchukia, maana hakuwahi kutabasamu. Siku moja alinigombeza tangu ghorofa ya kwanza hadi ya tatu kwa sababu Anna alitoka bila kofia. Niliingia ndani nalia, nikisema huu ni ubaguzi. Kesho yake nikakuta kofia ya sufu imening'inizwa kwenye kitasa chetu, saizi ya Anna kabisa.

Kule tabasamu halitolewi kwa kila mpita njia. Wanamwekea mtu wanayemjua. Mimi niliyezoea kuchekea hata ukuta nilichukua muda kuelewa. Siku ya kuzaliwa ya Bibi Zoya nilimpelekea mawaridi sita, nikijiona nimejitahidi. Aliyapokea, akachomoa moja, akalitia peke yake kwenye glasi dirishani. Baadaye sana ndiyo nikajua kwamba kule maua mawili, manne au sita ni ya msibani. Hakuniambia kitu. Alinikatia keki.

Siku tuliyohama kuja huku, teksi ikingoja chini, alileta vigoda vyake kwenye korido yetu. Warusi kabla ya safari ndefu hukaa wote kimya, dakika moja hivi, ndipo wanainuka. Anna, wakati huo ana miaka minane, akakaa ubavuni mwake. Mume wangu akamshika mkono, akamwinua.

"Mwambie," akaniambia, "sisi tunasafiri kwa imani, si kwa ushirikina."

Kirusi changu kilikuwa kizuri kuliko chake, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa kila kitu. Ningeweza kupunguza makali. Ningeweza kusema tu kwamba teksi inatuharakisha. Nilitafsiri neno kwa neno, tena nikapandisha sauti kidogo, nionekane mke wa mchungaji kweli kweli.

Hilo sijawahi kulikiri popote.

Mume wangu akaomba kwa sauti, wima, nasi wima. Bibi Zoya alibaki amekaa peke yake, mikono mapajani, hadi amina. Kisha akainuka, akamfunga Anna vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka kidevuni, akarudi kwake na vigoda vyake. Mpaka leo sijauona huo ushirikina ulikuwa wapi.

Basi leo nilipomwona Anna juu ya sanduku, nilikaa kwenye benchi la viatu. Sikuthubutu kumwangalia mume wangu. Nilisikia funguo zinalia, halafu hatua zinaelekea jikoni. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, amenuna, mtoto anaondoka hivi hivi.

Akarudi na kiti cha mezani. Akakiweka mbele yetu, akakaa.

Hakuna aliyeomba kwa sauti. Friji ilikuwa inanguruma, na jirani wa juu anaburuta sijui nini. Nadhani ilipita zaidi ya dakika moja, maana treni ile ilituacha na ikabidi Anna angoje nyingine.

"Yule bibi," akasema mwishowe, "alikufunga vifungo vyote."

"All of them. Hata kupumua nilikuwa siwezi, Baba."

Akainuka, akainama mbele ya binti yake, akaanza kumfunga zipu ya jaketi. Zipu ikakwama mara mbili. Akaipandisha mpaka kidevuni.

"Nenda na Mungu, mwanangu. Ukifika piga simu. Nipigie mimi, si mama yako."

Nilifurahi mpaka nikasahau kumpa mtoto chapati zake. Ziko hapa mezani, nazila huku naandika.

Tumerudi kutoka stesheni. Kiti bado kiko koridoni, na mume wangu amekikalia tena, na viatu vyake vya matope, jambo ambalo Bibi Zoya asingelivumilia. Ameniuliza kama naikumbuka anwani ya yule bibi. Naikumbuka, hadi namba ya mlango. Imepita miaka kumi na minane na sijawahi kumwandikia hata mstari mmoja. Huenda hayupo tena, na barua ikapokelewa na mtu asiyetujua.

Mume wangu anataka nimwombee msamaha kwa Kirusi. Kesho tukitoka ibadani nitakaa niandike, na wake nitautafsiri kama alivyousema.

Lakini nitaanza na wangu.