Akizaliwa wa Kike

Savannah, Georgia,
6 Agosti 1733

Mpendwa dada Tabitha,

Shikamoo dada. U hali gani? Kifua kimepona, au bado kinakusumbua asubuhi? Shemeji Enoch na watoto hawajambo? Mimi na Lettice tunapumua, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Dada, kaa kitako kwanza. Mume wangu Gideon hatunaye. Homa ilimshika akiwa juu ya paa letu, anapigilia mbao za mwisho. Alishuka mwenyewe, akaniambia, "Nanywa maji tu, Hester, narudi juu sasa hivi." Hakurudi. Tumemzika nje ya mji kwenye misonobari. Daktari wetu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwita.

Jua la huku halifanani na la London hata kidogo. Kila nyumba ina mgonjwa, na walio wazima wamechoka kuchimba makaburi.

Unamkumbuka yule bwana mkubwa aliyetuombea kwa Mfalme, ili sisi maskini tupewe mji wetu na kila familia iwe na ardhi? Simlaumu. Tulipofika alilala hemani kama sisi. Ila sheria yao inasema ardhi hurithiwa na mtoto wa kiume tu, kwa kuwa kila kiwanja lazima kitoe mtu wa kushika bunduki, Wahispania walio kusini yetu wasije wakatuvamia. Sasa yeye yuko safarini Charlestown. Mambo ameachiwa Bwana Pennock, naye alikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka.

"Pole, mama Lettice," akasema. "Meli ijayo inaleta wanaume. Mmoja wao atapewa nyumba hii."

"Na mimi niende wapi?"

"Olewa. Wajane hapa hawakai sana bila mume."

Nikamwambia nina mimba ya miezi sita. Akalitazama tumbo langu kama anakagua gunia.

"Haya, kaa mpaka ujifungue. Akiwa wa kiume, nyumba ni yake. Akiwa wa kike, mtahama wote watatu."

Jioni yake alikuja Tobias Crull, mpasua mbao, ambaye naye homa imemchukulia mkewe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, mimi sijui kubembeleza. Wewe una binti, mimi nina msumeno. Ukitaka, tuishi pamoja."

Ni mtu mwema, dada. Lakini shati la Gideon bado liko kwenye kamba. Nikamwomba angoje nijifungue.

"Ukipata wa kiume utanikataa," akasema.

Na ni kweli, dada.

Nakusihi, nenda kwa wale mabwana wanaotutungia sheria huko London, uwaombee watoto wangu. Nenda na shemeji, wao husikiliza sauti nene. Najua barua itakawia baharini, na pengine utakapoisoma nitakuwa nimeshajifungua.

Nisalimie shangazi Philippa. Mama yake Gideon mpe habari taratibu, na usimwache peke yake siku hiyo. Mungu awafunike nyote, kifua chako kipate nguvu.

Lettice hulaza kichwa tumboni pangu na kusema anataka mdogo wa kike. Namwitikia. Kisha napiga magoti na kuomba asiwe wa kike, mimi niliyemlilia Mungu miaka yote ile kabla ya Lettice anipe binti. Hilo nakuambia wewe tu.

Mdogo wako, akupendaye hata toka huku mbali,
Hester