Mwaka wa Fainali Isiyochezwa

Dada yangu mpendwa,

Goti linanisumbua kwenye ngazi, lakini macho bado yanasoma. Chama cha michezo kimeniomba niandike historia ya mashindano ya nchi zetu jirani. Nimefika mwaka ule walipofunga mpaka kabla ya fainali ya mpira wa wavu, nasi wachezaji wageni tukakwama huku.

Katibu wao, binti mcheshi, akasema, "Babu, mwaka huo uruke tu. Hiki ni kitabu cha sherehe."

"Nikiuruka, mjukuu wangu, mimi nilifikaje hapa?"

Alicheka, kisha akakubali. Mwaka umebaki kitabuni.

Mwezi ujao michezo inafanyika kwenu, na wachezaji wa zamani watapita uwanjani. Wameniuliza nitatembea nyuma ya bendera ipi. Ya kwenu niliivaa kifuani. Ya huku nimezeekea chini yake. Nimewajibu nitakaa jukwaani.

Kaka bado anasema niliwatupa? Mwambie kwamba mama alipofariki nilisimama mpakani kutwa nzima, askari wakanirudisha. Akikubali, niwekeeni nafasi katikati yenu. Akikataa, nitakaa popote, mradi niwaone.

Ndimi kitindamimba wenu, mwenye mvi sasa.