Dakika Ishirini Njia ya Bunda

Ijumaa, asubuhi. Mawingu yameshuka mpaka juu ya ziwa, na hapa Ilemela mawe bado yamelowa mvua ya alfajiri. Sijatoka na gari. Kuna mteja wa uwanja wa ndege nimemwambia naumwa. Siyo uongo sana.

Niandike ya jana, labda kifua kitapungua uzito.

Kwa wasionijua: nina Noah moja, naiendesha mwenyewe, nakodiwa kwa safari za mjini na za mbali. Bei tunapatana kabla ya kuondoka, na mafuta ni juu yangu. Kwa hiyo nikibana mafuta, nimebana changu. Tangu yapande bei nimejizoesha themanini, mguu mwepesi, bila kukimbizana na mtu. Nikienda mia, Bunda nawahi kama dakika ishirini. Nikienda themanini, naokoa kama lita mbili na nusu. Hesabu hii nimeipiga mara nyingi mpaka nimeacha kuifikiria. Mguu unajua wenyewe.

Jana nilimpokea Mzee Masanja kivukoni, upande wa mjini. Anaishi Sengerema, na alikuwa amevuka kutoka Kamanga. Binti yake wa Buzuruga ndiye aliyenitafuta. Mdogo wake mzee, wa tumbo moja, alikuwa anazikwa siku hiyo kijijini karibu na Bunda. Kivuko kilichelewa. Aliposhuka alikuwa anatembea haraka kuliko umri wake, koti la suti mkononi.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Wanaaga mwili saa saba. Tutawahi?"

"Tutawahi," nikamjibu.

Ilikuwa inakaribia saa tano na nusu.

Alikaa mbele, pembeni yangu. Njiani akanisimulia kwamba yeye na mdogo wake walikaa miaka mitatu bila kusemeshana, kwa sababu ya ng'ombe wa mahari ya dada yao. Mwezi uliopita mdogo mtu akampigia simu, wakacheka, wakaahidiana kuonana baada ya mavuno. Kisha presha ikamchukua ghafla.

"Nataka nimwone uso tu," akasema. "Kuna neno moja nataka kumwambia, hata kama hasikii."

Tulipoipita Kisesa akatazama saa yake. "Mwanangu, hatuwezi kuongeza mwendo kidogo?"

"Mzee, trafiki wana tochi za kupima mwendo njia nzima. Wakitukamata tutapoteza muda zaidi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena.

Tochi huwa zipo kweli, lakini jana hatukukutana na hata moja. Wala sikuwa nikiziogopa. Barabara ilikuwa nyeupe, gari langu zima, matairi mapya. Macho yangu yalikuwa kwenye geji ya mafuta.

Magu simu yake ikaita. Nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza tumefika wapi.

"Tunakuja, shemeji. Nina dereva mwangalifu sana."

Hapo ndipo ningekanyaga mafuta. Bado kulikuwa na muda. Nilijisikia vibaya kidogo, nikaangalia geji, nikaendelea na themanini yangu.

Tulifika saa nane kasoro dakika kumi. Watu walikuwa wameshasimama chini ya maturubai, wanaimba, vijana wanajipanga kubeba jeneza. Mjane alitujia mbio, khanga imemlegea kichwani.

"Shemeji, tumekungoja mpaka mchungaji akasema basi. Tumefunga sasa hivi. Robo saa haijaisha."

Mtu mmoja akasema jeneza lifunguliwe. Mchungaji akamtazama mzee. Mzee akaweka kiganja juu ya mbao, akakiacha hapo muda.

"Msifungue," akasema. "Mmeshamlaza. Msimsumbue."

Akainama, akasema kitu kwa Kisukuma, sauti ya chini kabisa. Mimi ni Mkerewe, sikuelewa. Kisha akalivaa lile koti na kwenda nao makaburini.

Robo saa. Mimi nilikuwa na dakika ishirini.

Nilitupa udongo kama wengine. Niliwekewa wali na nyama, sikumaliza. Mama mmoja akanishukuru kwa kumfikisha mzee salama, nikasema asante.

Tukaanza kurudi. Tulipoiacha Lamadi nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, ile habari ya tochi haikuwa kweli. Nilikuwa nabana mafuta."

Alivua koti lake, akalikunja magotini.

"Nilikuwa nakuona ukiangalia geji," akasema. "Ungeniambia tu. Ningeongeza hela. Nilikuwa nayo mfukoni."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Haya, mwanangu." Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenifokea.

Tangu jana najitetea. Najiambia huenda tungekuta lori limeziba njia, au tairi lingepasuka kwa mwendo huo. Najiambia mwendo wa taratibu haujawahi kumuua mtu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja nililolifikiria wakati ule. Nilimdanganya mtu aliyefiwa kwa ajili ya lita mbili na nusu.

Nimeamua hivi: kuanzia sasa, kabla ya kuwasha gari nitamuuliza abiria, ukichelewa unakosa nini? Na kama mwendo anaoutaka una gharama, nitaitaja kwa mdomo wangu, aamue mwenyewe.

Jana, mlangoni kwa binti yake, Buzuruga, mzee alinilipa yote tuliyopatana. Nikajaribu kumrudishia sehemu, akausukuma mkono wangu.

"Jumamosi ya wiki ijayo tunamaliza matanga. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, mzee."

"Safari hiyo haina haraka," akasema, akishika kitasa. "Endesha unavyoendesha."

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Sijui kama amenisamehe, au ni kwamba hana tena mtu wa kumuwahi.