Mrudishie Mama Sufuria

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia hali yako, kisha goti, kisha paa la jikoni, maana najua nikiruka hata kimoja utasema mjini nimefundishwa kila kitu isipokuwa adabu. Mimi sijambo. Jino lile nililokuwa nikililia limeng'olewa, na wajukuu zako wanarefuka hadi viatu vinawaogopa. Baba yao anakusalimu sana. Aliponiona nimekaa na kalamu aliniuliza kama kuna msiba. Nikamjibu kwamba bado.

Najua utajiuliza barua ya nini na simu zipo. Usinikasirikie, Mama, lakini wewe kwenye simu huzungumziki. Mimi nasema halo, wewe unasema yote yaliyobaki, halafu unakata. Habari niliyonayo leo ni ndefu na ina kona, nami nataka uifuate mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo vaa miwani yako, kaa kitako, na yule jirani akibisha hodi mwambie umelala.

Kazi yangu bado ni ileile. Nakaa nyuma ya kioo pale ofisi ya leseni na kuwaita watu kwa kipaza sauti: namba fulani, dirisha fulani, tafadhali msisimame mlangoni. Mwaka jana alikuja kijana mmoja kufuatilia leseni yake ya udereva, mrefu, mwembamba kama mpini wa fagio, vifungo vya shati vimepishana. Nilimwita, hakuja. Nikamwita tena, kimya. Mara ya tatu alinyanyuka, lakini badala ya kwenda dirishani akaja kwenye kioo changu na kuniomba nimwite mara nyingine. Nilidhani mgonjwa. Kumbe alikuwa akisikiliza sauti. Akanieleza kuwa anatengeneza michezo ya kompyuta katika chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake, na kwamba kwa miezi mingi alikuwa akitafuta sauti kama yangu, ambayo ikikwambia ukae, unakaa. Jina lake la mtaani ni Mtaalamu. Majirani walimpa kwa kejeli siku alipounguza nyaya za nyumba nzima, naye akalipokea kwa shukrani.

Mchezo wenyewe nikueleze ulivyo, kwa sababu nilipomwambia mume wangu alidhani ni mpira. Humwoni mtu akikimbia. Unaona kwa macho yako mwenyewe, kana kwamba wewe ndiye uliyemo humo ndani. Unajikuta kwenye jengo la ofisi lisilo na watu, milango imefungwa, na kila chumba kina fumbo lake: taa za kuwasha kwa mpango maalumu, makabati ya kusogeza, saa ya ukutani inayosema uongo. Ukifumbua, mlango unafunguka. Juu darini kuna sauti ya mwanamke inayokuelekeza taratibu, na mara nyingine inakupoteza kwa makusudi. Mwanamke huyo ni mimi. Mtu mwenye akili humaliza mchezo wote kabla chungu cha maharage hakijaiva. Mume wangu ulimchukua majuma kadhaa, naye anasema alikuwa anaufaidi.

Tulirekodi ndani ya kabati la nguo la dada yake Mtaalamu, kwa kuwa nguo humeza mwangwi. Nilisimama nimebanwa katikati ya makoti, nikawa naamuru watu wasioonekana wageuke kushoto. Mama, nilifurahi kupita kiasi.

Kisha mchezo ukatoka, na maoni ya wachezaji yakaanza kuingia. Humjui binadamu mpaka usome maoni yake. Mmoja alisema mchezo ni mfupi kama shuka la wageni, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. Mwingine alisema ulimpa kizunguzungu akatapikia kompyuta, lakini akaweka nyota tano. Kuna aliyelalamika kwamba fumbo la chumba cha tatu halina haki, na watu kibao wakamjibu kuwa kisicho na haki ni kichwa chake. Mmoja aliandika maneno mawili tu, "Milango mizuri," na Mtaalamu akatembea siku nzima akitabasamu, maana milango ndiyo iliyomtoa jasho.

Halafu akatokea mtu anayejiita Kichwa Ngumu. Yeye aliandika kwamba mafumbo ni mazuri, ila ni aibu kutumia sauti ya mashine. Hakuna binadamu anayeongea hivi, alisema. Binadamu huvuta pumzi.

Wengine wakamuunga mkono. Wakaanza kubishana ni mashine ya aina gani. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikaandika palepale kwamba mimi ndiye mwenye sauti, kwamba mimi ni mtu, nina mume na watoto wawili na jino bovu. Kichwa Ngumu akajibu kwamba mashine za siku hizi ndivyo zinavyosema. Zimefundishwa hadi meno.

Nilicheka mbele ya mume wangu, lakini rohoni nilichomeka. Nilimuuliza kwa upole, mezani, kama kweli naongea kama mashine. Mama, yule mwanamume alitafuna tonge moja muda mrefu kuliko tulivyochumbiana. Kesho yake kazini nikaamua kutia uhai. Namba nikazipandisha na kuzishusha, nyingine nikaziimba kidogo. Meneja alitoka ofisini kwake kuuliza kama nina homa. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri alinijia na fimbo yake, akaniomba kwa heshima nirudi kuwa kama zamani, kwa sababu alikuwa akifurahia wimbo na namba yake imepita.

Mtaalamu alipoona nimenyong'onyea, akasema tutatoa toleo jipya lenye kitu kidogo cha kuthibitisha kwamba mimi nina damu. Kicheko, labda, au chafya. Tukarudi kabatini. Sasa mtu akikwambia ucheke, huwezi kucheka. Kicheko changu kilitoka kama bawaba inayodai mafuta. Chafya ndiyo usiseme; Mtaalamu aliniuliza kama nimemkanyaga paka.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia ndani ya koti. Na hapa, Mama, ndipo penye kona.

Ulikuwa wewe. Mikono yangu ilikuwa imeshika karatasi na kipaza sauti, nikabonyeza kwa kidole gumba ili usikike kwa sauti kubwa, nikasema halo. Haya ndiyo uliyosema, nayaandika yote maana nimeyasikia mara nyingi kuliko sala:

"Halo? Halo! Mbona hupokei? Umekula? Usinidanganye, naisikia njaa kwenye hiyo halo yako. Hao watoto wanavaa soksi? Mimi usinijali, mimi nipo tu, nikifa mtaambiwa na majirani. Yule wifi yangu bado anayo sufuria yangu kubwa, mwaka wa pili huu, akiniona napita njiani anaifunika shuka, utadhani mimi siijui sufuria yangu kwa umbo! Mkarimu wa vya watu, yule. Haya, sikuwa na jambo. Nilitaka kusikia sauti yako tu. Kwaheri."

Ukakata. Mtaalamu alikuwa amekaa sakafuni nje ya kabati, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mashine yake ya kurekodi ilikuwa imewaka muda wote.

Aliniomba ruhusa. Simlaumu, kijana ana malezi. Alisema katika chumba cha mwisho aweke simu mezani, iite, mchezaji aipokee akusikie wewe, na sauti yangu ya darini inyamaze kwa mara ya kwanza. Na mimi, Mama, nikatoa ruhusa ambayo haikuwa yangu. Nilijua ni yako. Nilijua ukiulizwa utakataa, kwa sababu hata kwenye picha ya harusi yangu ulitaka uondolewe. Lakini nilikuwa bado na donda la Kichwa Ngumu, nikasema weka.

Kwa hiyo hiyo ndiyo habari yangu. Uko ndani ya mchezo, na watu wengi sana wamekusikia ukiniuliza kama nimekula.

Tafadhali usiikunje barua. Sikiliza kwanza wanavyosema.

Kuna aliyeandika kwamba ulipouliza "Umekula?" alijibu "Bado, Mama," peke yake chumbani, kisha akaenda kula. Mwingine alisema alisimama wima bila kujua kwa nini. Wengi wanasema walipomaliza waliwapigia mama zao simu, na mmoja akalaani mchezo wetu kwa sababu mama yake alimshika kwa mazungumzo akakosa basi. Yule Kichwa Ngumu naye alirudi. Ameandika kwamba anafuta kauli yake, kwamba hakuna fundi duniani awezaye kutengeneza mwanamke asemaye yote hayo kwa pumzi moja, na kama huyu ni mama halisi basi na binti ni halisi, na anaomba radhi kwa wote wawili. Yupo mmoja ambaye fumbo la mwisho amelifumbua lakini mlango hataki kuufungua. Anasema akitoka mchezo utakwisha, nawe utanyamaza. Kila jioni anaingia, anapokea simu, anakusikiliza, anazima.

Lakini wengi zaidi, Mama, wanatafuta sufuria.

Wameamini ni fumbo la siri. Wamepekua kila kabati, wamepanda juu ya meza, kuna waliochora ramani. Mtaalamu aliwaambia kwa kiapo kwamba hakuna sufuria humo ndani, nao wakasema hivyo ndivyo angesema mtu aliyeificha. Sasa maoni hayaishi bila mtu kuandika "Mrudishie mama sufuria!" Imekuwa kama salamu.

Ndivyo ilivyomfikia shangazi. Alikuwa amekuja huku mjini, yuko saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Msusi alikuwa ameweka simu yake mezani, ameiegemeza kwenye kioo cha mbele, anatazama mtu anavyoucheza mchezo wetu. Shangazi akasikia sauti ya wifi yake ikitoka pale mezani, ikimtaja yeye na shuka lake. Na ulipofika kwenye sufuria, saluni nzima, pamoja na mteja aliyekuwa anaoshwa nywele, wakaitikia kwa pamoja: mrudishie mama sufuria!

Alikuja kwangu vilevile, na nywele nusu. Nilipofungua mlango nilijua. Nilijiandaa kwa matusi, lakini aliomba maji tu. Akanywa, akauliza kama ni kweli ulisema mkarimu wa vya watu. Nikasema ni kweli. Akacheka, Mama, mpaka akajifuta macho, akasema hilo neno ulianza kumwita tangu baba akiwa hai, na kwamba ni muda mrefu hajalisikia.

Halafu akaacha kucheka. Alisema tangu tumzike baba hujakanyaga kwake. Unapita njiani, unasalimia ukiwa unatembea. Sufuria ilikuwa kwake tangu siku za msiba, na siku zilivyokwenda akajua hicho ndicho kitu pekee kitakachokufikisha mlangoni kwake. Alisema haifuniki kwa wizi. Anaogopa ukiiona utaichukua palepale barazani, na hutakuwa na sababu nyingine ya kurudi.

Nilimwambia anipe niilete mimi. Alikataa katakata. Amesema sufuria haitoki kwa mkono wa mtoto wala wa dereva wa basi. Uifuate mwenyewe, uingie ndani, ukae. Mfuniko ameshausugua.

Sasa, Mama, yaliyobaki ni yako. Kuhusu mchezo, Mtaalamu anasubiri neno lako. Ukisema utolewe, utatolewa siku hiyohiyo, na simu ya chumba cha mwisho itabaki bubu. Yeye mwenyewe amesema hivyo, ingawa alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa kucha. Nisamehe. Nilikuchukua bila kukuuliza ili nimshinde mtu nisiyemjua, na wewe ulikuwa umepiga kunisikia tu, wala sikukujibu hata neno. Kuhusu shangazi sina la kukushauri, mimi ni mtoto. Ila nimemwambia aweke kiti karibu na mlango, kwa ajili ya goti.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani pia kama bado anabisha. Watoto wanasema wanavaa soksi. Baba yao anasema amekula.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba.

Ukishamaliza kusoma najua utanipigia. Nitapokea mara ya kwanza tu ikiita. Sema yote, Mama, sitakukatiza, lakini ukifika kwenye kwaheri usikate. Ngoja kidogo, nami nina la kusema.